Niliacha kuhesabu, nikaanza kuusikiliza mwili

Miaka minne ya mwanzo wa ndoa yetu nilikuwa namwaga kabla dakika moja haijaisha, na mara nyingine hata kabla sijaingia. Mke wangu hakulalamika. Kimya chake kiliniumiza zaidi, maana nilikijaza maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

Mbinu yangu ilikuwa kuhesabu. Naanza 100, narudi nyuma, nikiamini kwamba akili ikitoka kitandani mwili nao utachelewa. Kumbe nilikuwa najiziba masikio. Mshindo ulinivamia bila hata dalili moja.

Daktari aliniuliza mengi: hali imeanza na tendo la kwanza au imekuja ukubwani? Uume unasimama sawasawa? Kukojoa kunauma? Tatizo likija baadaye, alisema, huenda mtu anaharakisha kwa hofu ya uume kulegea, au kuna shida ya tezi dume, au tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Langu lilikuwa la tangu ujana, na serotonini, kemikali ya ubongoni, ina mchango wake. Akanitajia pia utafiti wa mwaka 2005 uliopima kwa saa, katika nchi tano, muda wa kuingia hadi kumwaga: nusu ya wanaume hawakuvuka dakika 5.4. Mimi niliamini wenzangu wanakwenda nusu saa!

Usiku huo nilimwambia mke wangu kila kitu, taa ikiwa imezimwa. Akanijibu, "Mume wangu, mimi nilidhani hunitaki, unataka umalize tu." Sote wawili tulilia.

Tukaanza zoezi la kusitisha msuguano na kuanza tena, alilolieleza daktari James Semans mwaka 1956. Kwanza nilifanya peke yangu kwa mkono, kisha kwa mkono wake, kisha yeye akiwa juu yangu, ametulia. Nilijifunza dalili zangu: pumzi inakatika, mapaja yanakaza, korodani zinapanda. Hapo unasitisha, unapumua kwa tumbo, unalegeza misuli ya nyonga mpaka wimbi lishuke. Wiki za kwanza nilichelewa kusitisha, nikamwaga, karibu kila siku. Inachosha, sitaficha.

Krimu ya ganzi niliijaribu; bila kuiosha au kuvaa kondomu inamtia ganzi na mwenzako, nikaiacha. Daktari akaniandikia paroxetine, dawa ya sonona ambayo pia huchelewesha kumwaga, kwa dozi ndogo ya kila siku. Ilinichelewesha kweli, ingawa ilinipa kichefuchefu mwanzoni, na dawa hii haikatishwi ghafla. Niliipunguza taratibu chini ya uangalizi wake. Unga na vidonge vya mitaani visivyojulikana vina nini ndani, ndugu yangu, usiviguse.

Siku hizi nafika dakika nne, tano. Zipo siku namwaga mapema, na hatununi tena. Mara nyingi yeye ndiye anayeisikia pumzi yangu ikikatika kabla yangu. Ananishika bega, anasema, "Pumua," nasi tunatulia.