Vizibo vya soda, Charles na Louis: nilivyofundisha mada ya wafalme

Nafundisha historia jioni. Wanafunzi wangu ni watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita, watu wazima wenye shughuli zao: wa bodaboda, mama wa vitenge, kijana wa duka la simu. Wanafika wamechoka, na hakuna mada iliyokuwa ikiwalaza usingizi kama wafalme wa Ulaya wa karne ya 17. Charles wa kwanza, Charles wa pili, Louis wa 13, Louis wa 14. Hata mimi ningesinzia. Vitabu vya mitihani navyo huwapa orodha mbili za sifa, ufalme wa kiimla huku, ufalme wa kikatiba kule. Wanakariri, mtihani unapita, zinayeyuka.

Nikaamua kuweka kando ndoa, dini na mapigano, nifuate hela peke yake. Ubaoni niliandika swali moja tu: mfalme akitaka fedha za vita, inambidi amwombe nani? Halafu nikamwaga mezani vizibo vya soda nilivyokusanya kwa mangi wa jirani.

Tulianza na Ufaransa. Mama wa vitenge nikampa kiti cha Louis wa 14. Wawili wakawa wakulima wenye vizibo vichache, mmoja akawa bwana mkubwa mwenye lundo. Nikawaeleza kanuni: ile kodi kuu, taille, ilikuwa ya kudumu tangu karne ya 15, na mabwana wakubwa kwa sehemu kubwa walisamehewa. Mkutano wa matabaka matatu, ambako taifa lingeweza kumhoji mfalme, ulikaa mwaka 1614 na haukuitishwa tena hadi 1789. Basi mama akachukua vizibo vya wakulima. Nikatangaza vita. Akachukua tena. Vita vingine, na wakulima wameishiwa huku bwana mkubwa akicheka na lundo lake.

"Mama, mbona humtozi huyo?" nikamuuliza.

"Nimtoze, Mwalimu? Si ndiye mwenye panga!"

Sikuwa nimemfundisha bado habari za Fronde, maasi ya 1648 hadi 1653 yaliyomtikisa Louis akiwa mtoto, wakubwa wa nchi wakiwamo. Baada ya hapo kila kitu alichokifanya mfalme huyo kilieleweka. Kardinali Mazarin alipofariki mwaka 1661, Louis hakuteua waziri mkuu mwingine. Mikoani alitegemea maofisa aliowateua yeye. Mwaka 1682 aliihamishia serikali Versailles, na wakubwa wakawa wanagombea vyeo na posho mbele ya macho yake badala ya kupanga njama majumbani kwao. Aliwaachia msamaha wa kodi, nao wakamwachia siasa. Alipowaingiza kwenye kodi ya kichwa mwaka 1695, wengi walipata njia za kupunguziwa. Kanisa lenyewe lilijadiliana naye kiasi cha kutoa na kukiita zawadi. Mamlaka kamili, lakini kwa wenye vizibo vitatu.

Uingereza nilibadilisha kanuni moja: wenye malundo nao wanalipa, na ndio wanaokaa bungeni. Aliyekuwa Charles wa kwanza, jamaa wa bodaboda, akakataa kabisa kuwaomba. Sawa, nikamwambia, hata Charles mwenyewe alikaa bila Bunge kuanzia 1629 hadi 1640. Aliishi kwa kuchokonoa haki za kale za mfalme, kama kodi ya meli, iliyozoeleka kutozwa miji ya pwani wakati wa hatari. Mwaka 1635 aliitandaza hadi bara, kusikoonekana bahari. John Hampden, tajiri wa Buckinghamshire, akagoma kulipa shilingi 20. Darasa zima likacheka. Ikabidi nifafanue kwamba shilingi ile haikuwa hii yetu. Kesi yake ilianza kusikilizwa mwaka 1637, na kati ya majaji 12, saba walimpa mfalme ushindi. Ushindi wa mahakamani haukumsaidia. Waskoti walipoasi ikabidi aitishe Bunge mwaka 1640, na Bunge lililokaa Novemba likaja na madai ya miaka 11. Vita vikaanza 1642. Januari 1649 akakatwa kichwa.

Hapo ndipo vitabu vingi huruka hadi 1689 na kutangaza kwamba demokrasia imefika. Mimi huwa napinga. Bunge lile lilikuwa la wenye ardhi, na wengi wa Waingereza hawakuwa na kura. Kilichobadilika ni kwamba baada ya mfalme James wa pili kukimbia mwaka 1688, Sheria ya Haki ya 1689 ilikataza mfalme kutoza kodi au kuweka jeshi wakati wa amani bila idhini ya Bunge.

Cha ajabu, mfalme aliyebanwa alipata fedha nyingi zaidi. Mwaka 1694 Benki ya Uingereza iliundwa kwa kuikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8, kwa ajili ya vita dhidi ya Louis huyohuyo. Bunge ndilo lililotenga kodi ya kulipia riba. "Kumbe ni kikoba," akasema mama wa vitenge, "wanaokopesha ndio haohao wanaokaa kikaoni." Nimeshaitumia sentensi yake kwenye madarasa mengine bila kumlipa.

Swali gumu lilitoka kwa kijana wa duka la simu: kuna mahali watu waliwahi kumpa mfalme mamlaka yote kwa hiari? Nikampa Denmark. Mwaka 1660, hazina ikiwa tupu baada ya vita na Sweden, mabwana waliing'ang'ania misamaha yao ya kodi. Makasisi na wafanyabiashara wa mijini wakaungana na Frederik wa tatu dhidi yao, ufalme ukafanywa wa kurithiwa, na mwaka 1665 mamlaka yake kamili yakaandikwa katika sheria iliyodumu hadi katiba ya 1849.

Kijana akavuta vizibo kwake, akavigawa upya, akamsukumia mfalme vyote alivyokuwa navyo mfanyabiashara. "Bora alipe na yule," akasema, akimwonyesha bwana mkubwa. Mwenzake wa bodaboda akadai huo ni ujinga, na wakabishana hadi muda wa kipindi ukaisha.