Nilivyobadilisha majina ya vishikilia nafasi katika kiolezo chetu cha slaidi

Kila mwisho wa mwezi ninaandaa mawasilisho ya taarifa za mauzo kwa wateja wetu, na kwa kuwa kuyajaza kwa mkono kulikuwa kunanila siku mbili nzima, niliandika programu ya Python inayozijaza slaidi kwa kutumia maktaba ya python-pptx. Kiolezo chenyewe kilitengenezwa na dada wa usanifu ninayekaa naye chumba kimoja katika ofisi yetu ya Posta. Kwa macho kilipendeza, lakini kwa ndani kilikuwa na mipangilio 19 (layouts, yaani sura za slaidi zilizoandaliwa tayari), na karibu kila kishikilia nafasi (placeholder, kisanduku kinachosubiri kujazwa) kiliitwa "Text Placeholder" na namba mbele yake. Jioni moja, nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi kuelekea Kimara, nilifungua kwenye simu wasilisho nililokwisha kulituma, nikakuta shilingi milioni 48 zimeandikwa mahali pa jina la mteja.

Kesho yake nilimweleza dada kwamba inatubidi tubadilishe majina ya visanduku, ili programu isivichanganye. Akashangaa: "Kaka, si nilishayabadilisha yote?" Kumbe alichokibadilisha ni maandishi ya maelekezo yanayoonekana ndani ya kisanduku, ambayo yeye aliyageuza kuwa "Andika jina la mteja hapa" na mengine ya namna hiyo. Hayo ni kitu kingine kabisa. Jina la kisanduku huonekana kwenye kidirisha kinachofunguka ukibonyeza Alt na F10 katika PowerPoint, na huko hakuna kilichokuwa kimeguswa.

Faili la pptx, yaani la PowerPoint, ni furushi la zipu lenye mafaili ya XML, na ukilifungua utaikuta mipangilio ndani ya folda ya ppt/slideLayouts. Humo kila kishikilia nafasi hubeba alama mbili zinazotuhusu: jina, ambalo limo katika sifa iitwayo name, na namba iitwayo idx. Kishikilia nafasi cha kwenye slaidi hukitambua kile cha asili kwenye mpangilio kwa idx, si kwa jina. Jambo hilo lilinitoa hofu, kwa maana niliweza kubadilisha majina yote bila kuziharibu slaidi za zamani, mradi nisiiguse idx.

Kazi ngumu ilikuwa kujua kisanduku kipi ni kipi. Niliandika programu fupi iliyotengeneza slaidi moja kwa kila mpangilio na kuandika namba ya idx ndani ya kila kisanduku cha maandishi, kisha nikazichapa karatasi zote 19 na kuzitandaza mezani. Dada alichukua kalamu nyekundu akawa anaandika juu ya kila namba: kwenye 13 jina_la_mteja, kwenye 14 mwezi, kwenye 15 mapato_jumla. Visanduku vya tarehe, kijachini na namba ya slaidi havikutokea kwenye karatasi, kwa sababu python-pptx haivinakili inapotengeneza slaidi mpya, nasi tukaviacha kama vilivyo. Saa moja na nusu ile ya kalamu na karatasi ilitufaa kuliko msimbo wote uliofuata, ambao kiini chake ni hiki (majina ni orodha ya yale aliyoyaandika dada):

for n, masta in enumerate(wasilisho.slide_masters):
    for mpangilio in masta.slide_layouts:
        for nafasi in mpangilio.placeholders:
            idx = nafasi.placeholder_format.idx
            ufunguo = (n, mpangilio.name, idx)
            if ufunguo in majina:
                nafasi.name = majina[ufunguo]

Mwanzoni sikuwa na mstari ule wa kwanza. Niliita wasilisho.slide_layouts moja kwa moja, nikaona mipangilio sita imebaki na majina yake ya zamani, na nikapoteza asubuhi nzima nikikagua tahajia. Njia hiyo hurudisha mipangilio ya masta (slaidi mama inayobeba mipangilio) wa kwanza peke yake, ilhali kiolezo chetu kina masta wawili.

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza, lakini nilipotengeneza slaidi mpya kwa programu, majina ya kalamu nyekundu hayakuwemo. Maktaba hii hukipa kila kisanduku kipya jina linalotokana na aina yake, si lile lililo kwenye mpangilio, kwa hiyo "Text Placeholder" ilirudi vilevile. Nilikaribia kuiona kazi yote kuwa bure, hadi nilipokumbuka kwamba idx haibadiliki. Sasa programu huusoma mpangilio kwanza, ikajua kwamba mapato_jumla ni 15, ndipo inapojaza slide.placeholders[15]. Hali kadhalika huipa nafasi hiyo jina lake upya kwenye slaidi, ili atakayeifungua baadaye kwa mkono asibabaike.

Niliongeza pia ukaguzi mmoja: endapo mpangilio una majina mawili yanayofanana, jambo ambalo muundo wa faili haulikatazi, au una kisanduku cha maandishi ambacho bado kinaitwa "Text Placeholder", programu inagoma kuendelea na kuutaja mpangilio wenyewe. Mwezi uliopita iligoma kwa mara ya kwanza. Dada alikuwa ameongeza mpangilio wa ishirini bila kuniambia, nami nilipomwita hakuuliza kitu. Alikuja na kalamu yake nyekundu mkononi.