Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Bodi na Madigadi Mpya Isiyokaa

Saa 11:30 alfajiri nilikuwa kituoni Kimara nikisubiri mwendokasi, na ilipofika saa 1:00 asubuhi nilikuwa nimeshafungua gereji yetu ya Gerezani, nimefagia na kumtuma saidia fundi wangu akalete diski za grenda.

Watu wengi wanaamini kwamba fundi bodi ni mtu wa kujaza puti juu ya kutu na kuificha kwa rangi, lakini kazi yangu ni kukata bati lililooza na kuchomelea jipya. Gari ninalolishughulikia wiki hii ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, ambalo limelala miaka mingi karibu na bahari, na hewa ya chumvi imelila kuanzia chini kwenda juu. Wiki iliyopita tulikata vizingiti vyote viwili. Katika gari hili kizingiti, kilicho chini ya mlango, ni mfereji wa bati uliofunikwa pande zote, unaopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma hadi ndani ya gari. Hapa Dar es Salaam hakuna anayeihitaji hewa hiyo, lakini kizingiti hichohicho ndicho kinachoikaza bodi, na ukikikata kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia katika uwazi wa mlango, bodi hulegea na mlango haufungi tena sawasawa. Tuliweka vyuma, tukakata, tukachomelea vipya, na milango ikafunga vizuri.

Saa 2:30 mwenye gari alifika na madigadi mbili mpya, yale mabati yanayofunika magurudumu ya mbele. Alikuwa ameziagiza kutoka nje ya nchi. Ni mzee mwenye heshima zake, na anataka gari hili limbebe bintiye siku ya harusi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kigoda akingoja kuona zinafungwa.

Madigadi za Beetle hazichomelewi kwenye bodi. Hufungwa kwa bolti, na kati yake na bodi hukaa mpira mwembamba, hivyo mzee hakukosea kutarajia kazi fupi. Bolti mbili za juu ziliingia. Ya tatu ilipishana na nati yake kwa nusu ya unene wa bolti, na tulipofika chini, karibu na ubao wa kukanyagia, ukingo wa madigadi ulikuwa umeachana na bodi kwa upana wa kidole kizima. Duara la taa nalo lilikuwa limekaa upande, kiasi kwamba taa ingemulika mtaroni.

“Fundi, kitu ni kipya, kwa nini kisiingie?” mzee aliuliza. “Isije ikawa bodi uliipinda ulipokuwa unakata vizingiti.”

Neno hilo liliniuma, kwa sababu kama ni kweli, basi kazi yangu ya wiki nzima ni bure. Sikubishana naye. Nilimwonyesha nafasi kati ya mlango na bodi, ambayo ilikuwa sawa kutoka juu hadi chini, kisha nikamfungia kifuniko cha buti, ambalo katika gari hili liko mbele, akaona kimelala bila kuegemea upande wowote. Mwisho nilichukua madigadi ya zamani, ambayo kutu imeitoboa hadi mkono unapita, nikaifunga mbele ya macho yake. Bolti zote ziliingia kwa vidole kabla sijashika spana. Bodi ingekuwa imepinda, madigadi hiyo ingekuwa ya kwanza kukataa.

Mzee aliinuka, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ile ya zamani, kisha kwenye ile mpya. Nilimweleza kwamba magari zaidi ya milioni 21 ya aina hii yalitengenezwa, la mwisho likitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, na kwa kuwa mengi bado yanatembea, wapo wanaotoa vipuri kwa kalibu zilizochoka, kwa bati jepesi, na kuvipaka rangi nyeusi inayong'aa ili vipendeze kwenye boksi. Hakujibu, ila hakuondoka.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Nilizipanua tundu kwa tupa ya duara, nikaukata ukingo wa madigadi mpya sehemu sita ili upate kukunjika, nikaulaza juu ya ile ya zamani iliyokuwa kielelezo, nikaugonga kwa nyundo ya mbao hadi ukafuata mkunjo wake. Kuchomelea kulikuwa kugumu zaidi. Bati jepesi halivumilii moto, kwa hiyo unaweka doa moja, unahamia mbali, unasubiri lipoe, unarudi. Ukifululiza, linajikunja au linatoboka. Umeme ulikatika nikiwa nusu, na tuliporudi kutoka kwa mama ntilie ulikuwa bado, tukaketi chini ya bati la paa lililochemka huku jasho likitudondokea. Ulipowaka, nilivaa tena miwani ya kuchomelea na kuinama palepale, mgongo ukilalamika. Kufunga na kufungua ili kupima nilihesabu mara 11.

Giza lilikuwa limeingia bolti ya mwisho ilipoingia kwa vidole. Niliupitisha mpira, nikakaza, nikaangaza kwa tochi kutoka juu hadi chini, na mwanga haukupenya popote. Nilimtajia mzee shilingi 80,000 za nyongeza kwa kila upande. Alisema amekwisha kulipia vipuri na ushuru wake, na kwamba kufunga kitu kipya hakupaswi kuwa na nyongeza. Nilimrudisha kwenye ule ukingo. Aliinama akautazama kwa muda mrefu, akahesabu 80,000, akasema, “Na ya kulia uifanye hivihivi.”

Madigadi ya zamani ya kulia ilikuwa imeshawekwa kwenye rundo la kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Niliitoa, nikaifuta vumbi, nikaitundika ukutani juu ya meza ya kazi kwa ajili ya asubuhi.