Siku moja na Spacio ya Mwalimu: kubadili loa amu uani, Kinyerezi

Saa 11:45 alfajiri

Sina gereji. Mimi namfuata mteja kwake, na kwa fundi wa aina yangu kilichosahaulika Tabata hakipatikani Kinyerezi. Kwa hiyo siku inaanza kwa kukagua sanduku: soketi, bomba la kurefusha mpini, mtaimbo mfupi, nyundo ya kilo mbili, brashi ya waya, mafuta ya kulainisha kutu, spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza. Kijana ninayemfundisha kazi atatangulia na bajaji, amebeba jeki ya magurudumu, stendi za chuma na mbao nne nene ambazo kila anayeziona hudhani tunakwenda kujenga banda la kuku.

Gari ni Toyota Spacio ya mwalimu mstaafu. Inagonga mbele kila ikivuka tuta, na akishika breki usukani unavuta kushoto. Aliambiwa ni shokapu. Akanunua shokapu, zikafungwa, kugonga kukabaki palepale. Nilipokwenda kuipima wiki iliyopita sikugusa shokapu kabisa. Niliinua mbele, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa: boljointi, kiungo cha amu na gurudumu, imekaza. Nikalishika kushoto na kulia: tairodi, zile fimbo za usukani, nazo salama. Kisha nikapenyeza mtaimbo kati ya loa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, na krosimemba, boriti ya chuma ambayo mkono huo umefungwa kwake, nikasukuma kidogo tu, na bushi ya mbele ya kushoto, yaani mpira wa kiungo hicho, ikafunguka mdomo. Mpira ulikuwa umeachana na chuma chake karibu mzunguko mzima. Ya kulia ilikuwa na nyufa, nayo ingefuata muda si mrefu.

Saa 2:10 asubuhi, Ilala

Shaurimoyo maduka yanafungua milango, vijana wanapanga bampa barabarani. Hapa ukija na jina la gari tu umejitakia safari ya pili. Ukisema "Spacio" utaulizwa ya zamani au mpya, injini gani, na kila jibu lina amu yake. Mimi nimepiga picha kadi ya gari, chesisi inaanza na NZE121, basi maswali yameisha.

Kuna njia tatu za kulimaliza tatizo hili na kila muuzaji ana yake anayoisifia. Kwanza, kununua bushi peke yake na kwenda kuzisukuma kwa presi. Ni rahisi kwa mfuko, ila unahitaji presi, na pale uani hakuna. Wapo wanaozigonga kwa nyundo na kipande cha bomba. Mpira unaingia umeshaumia. Pili, amu ya mtumba kutoka Japani. Chuma chake ni kizuri sana, sibishi, lakini bushi iliyomo ndani ina umri uleule wa gari ilikotolewa, na gari hizi za kizazi hiki zilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unanunua chuma kizima na mpira mzee. Tatu, amu mpya nzima yenye bushi zake. Hiyo ndiyo nimemshauri Mwalimu, na zote mbili kwa pamoja, maana upande mmoja ukiwa mpya na mwingine umelegea gari inaendelea kukaa kiajabu kwenye breki.

Muuzaji ananitolea jozi. Naziweka sakafuni pamoja na kuzitazama: moja ya kushoto, moja ya kulia, hakuna iliyopinda. Nabonyeza mpira kwa kucha, nakagua ukingo unapokutana na chuma. Halafu naomba bolti. Ananipa moja kutoka kopo la bolti mchanganyiko, kichwani haina alama yoyote. Naikataa. Bolti ya sehemu hii lazima ijulikane ina nguvu gani. Zile zenye namba 8.8 au 10.9 zimeandikwa daraja lake, na zenye alama ya kiwandani kwao Toyota ninazitambua. Isiyosema chochote siwezi kuifungia gurudumu la mbele la gari inayobeba wajukuu. Tunapatana bei baada ya mabishano ya kawaida, ya kusukumana elfu tano tano, na naondoka.

Saa 3:40 asubuhi, Kinyerezi

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Foleni Buguruni ikoje?"

"Ileile, Mwalimu."

Mama ameshaweka chai na maandazi barazani na hataki kusikia habari ya kwamba tutakunywa baadaye. Tunakunywa. Dirisha la jirani lina kichwa cha mtu, na nasikia kabisa, "Huyo dada ndiye ataifungua?" Kijana wangu anacheka. Mimi nimezoea, nguvu ya kazi hii ipo kwenye urefu wa mpini.

Gari iko juu ya zege, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalouliza kwenye simu kabla sijakubali kazi ya nyumbani. Kwenye mchanga, stendi huzama. Nalegeza nati za magurudumu gari ikiwa bado chini, maana ikishakuwa hewani gurudumu linazunguka na wewe unaisukuma gari badala ya nati. Vizuizi nyuma ya matairi ya nyuma, breki ya mkono, halafu jeki. Mbele yote inapanda, pande zote mbili, kwa sababu fimbo ya stabilaiza imeunganisha kulia na kushoto. Ukiinua upande mmoja tu inasukuma amu na kila bolti inatoka kwa ugomvi.

Stendi zinakaa chini ya bodi. Naitikisa gari kwa bega kabla ya mtu yeyote kuingiza hata mkono. Mwalimu anataka kujua kama jeki peke yake haitoshi, ni ya tani mbili. Namwambia jeki ni ya kuinulia, siyo ya kushikilia: ndani kuna mafuta na mpira wa kuzuia mafuta, na siku mpira huo ukichoka hautoi taarifa.

Saa 4:20

Upande wa kulia hauna hadithi. Boljointi kwenye gari hii imefungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo siigusi boljointi yenyewe. Naiacha kwenye habu yake, upande wa gurudumu. Nafungua linki ya stabilaiza, nafungua bolti mbili za ndani, navuta amu chini kwa mtaimbo, inatoka. Kijana anasugua kutu kwenye tundu kwa brashi ya waya.

Saa 5:05

Kushoto ndiko kuliko na kazi. Giaboksi ya otomatiki imekaa upande huu, na bolti ya bushi ya mbele inatoka kuelekea huko. Inarudi nyuma vizuri, unafurahi, halafu kichwa chake kinagota kwenye giaboksi ikiwa bado imebaki inchi moja ndani ya tundu. Fundi asiyelijua hili hufika hapa akaanza kuilaani bolti.

Uani kwa watu nimeona njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni grainda: bolti inakatwa, na wakati wa kufunga inawekwa nyingine ikiwa imegeuzwa, kichwa huku nati kule. Kuigeuza si dhambi. Tatizo ni kwamba anayekata kwa grainda mara nyingi ndiye huyohuyo anayerudisha bolti ya kwenye kopo. Ya pili, ambayo ni yangu, ni kuishusha kona ya krosimemba. Naweka jeki chini yake na ubao katikati, nalegeza bolti zake za upande huo bila kuzitoa, nashusha jeki polepole. Sentimita chache zinatosha. Bolti inapita.

Kuandika ni mistari mitatu. Kufanya ni zaidi ya saa nzima, maana bolti za krosimemba zimelala na kutu tangu gari ishuke melini. Mafuta ya kutu, kusubiri, kugonga kichwa cha bolti kwa nyundo kidogo kidogo ili kutu ipasuke, bomba kwenye mpini, kisha kuvuta kwa uzito wa mwili bila kurusharusha. Ya kwanza inalia kwa sauti ya mlango mkavu. Ya pili inagoma, tunairudia.

Amu ya zamani ikiwa chini naigeuza na kumwita Mwalimu. Bushi ya mbele imepasuka, lakini kilichonivutia ni mpira wa ile ya nyuma: umevimba, laini, unang'aa. Natazama juu na kuona mkondo mweusi ukitoka kwenye giaboksi. Mpira asilia na mafuta ya injini au ya giaboksi havipatani. Mafuta yakiingia unavimba na kulegea. Nafuta, napapasa, sili ya ekseli inavujisha. Namwambia mapema kwamba hiyo nayo iingie kwenye bajeti ya mwezi ujao, la sivyo tutaua bushi mpya kwa mafuta yaleyale. Anaguna, anaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa ubaoni.

Saa 7:15 mchana

Wali, maharage, mchicha na samaki wa kukaanga. Mama anakataa kunisikiliza nikisema nimeshiba.

Saa 8:00

Sasa kufunga. Amu mpya zinaingia, bolti zinapita kwa mkono, krosimemba inapanda na kukazwa kwa toki. Boljointi inakazwa. Linki ya stabilaiza inarudi. Kijana anashika spana akaze bolti za ndani za amu, namzuia.

Hapa ndipo bushi nyingi za Dar zinapouawa, na mwenye gari akilaumu spea. Bushi si beringi, haizunguki. Ni mpira ulioshikamana na chuma pande mbili: bomba la ndani linabanwa na bolti lisisogee, na la nje limesukumwa ndani ya amu. Gurudumu likipanda na kushuka hakuna kinachoteleza popote. Mpira ndio unaojipinda na kurudi. Sasa fikiria unakaza bolti gari ikiwa juu ya stendi, amu inaning'inia chini kabisa. Umeufunga mpira katika mkao huo. Ukishusha gari amu inapanda, na mpira unapindwa kama kanga inayokamuliwa, na unabaki hivyo gari ikiwa imeegeshwa usiku kucha. Asubuhi unavuka matuta ya Segerea, kila tuta linaongeza juu ya mpindo uliokuwepo. Miezi michache, nyufa. Inayoumia zaidi ni bushi ya mbele.

Dawa yake haina gharama. Bolti zinaingizwa na kubanwa kidogo tu, zisicheze. Magurudumu yanarudi. Halafu kila tairi, yote manne, linashukia juu ya ubao wake, ili gari isimame kwa uzito wake ikiwa imelala sawa, na mimi nipate nafasi ya kuingiza mkono na spana. Stendi zinabaki chini ya bodi, zikiwa na upenyo mdogo, kwa ajili ya usalama. Tunaibonyeza mbele mara kadhaa ikae mkao wake. Ndipo nakaza bolti za amu kwa toki mpaka spana inapoita.

Mwalimu, ambaye amefundisha fizikia, ameelewa kabla sijamaliza sentensi. Anataka kujua kwa nini basi gerejini hawafanyi hivyo. Namjibu kwamba gari ikiwa juu ni raha kufanyia kazi, na foleni ya wateja iko getini. Si wote. Lakini ukipita gereji za barabarani utahesabu mbao chache.

Nati za magurudumu zinakazwa mwisho, kwa mpangilio wa nyota, nyutoni mita 103. Hizo nazo watu huzirukia juu kwa miguu. Ukiikaza nati kwa kuruka, barabarani usiku hakuna wa kukuruka nayo kuifungua.

Saa 10:20 jioni

Tunatoka na Mwalimu nyuma ya usukani, mimi pembeni, kioo kimeshushwa. Tuta la kwanza kimya. La pili kimya. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawe kuna kelele ndogo kutoka nyuma, ambayo ni jeki yake ya buti isiyofungwa. Akishika breki usukani haukimbii tena upande mmoja, ila umekaa wa kushoto kidogo, na hilo nilimwonya mapema: ukibadili amu, pembe za magurudumu zimehama, hata kama amu mpya inafanana na ya zamani kila kitu. Bila alaimenti tairi zake mpya zitalika upande wa ndani na atakuja kunidai mimi. Tunakwenda moja kwa moja kwenye duka la alaimenti Barabara ya Mandela. Mtambo unaonyesha mbele magurudumu yamefunguka kwa nje. Yule kijana anarekebisha tairodi mpaka namba zinarudi kwenye kijani.

Saa 12:30 jioni

Malipo ni kwa simu. Mwalimu anaongeza kidogo "ya maji", nami simkatalii. Namwachia maagizo mawili: akishatembea siku chache nirudi nikague nati za magurudumu, na asisahau sili ya ekseli. Amu za zamani anataka kuziweka stoo, pengine zitafaa. Mama anasema stoo ina redio tatu mbovu tayari, ziende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama anashinda.

Simu inaita nikiwa bado natafuta bajaji. Noah ya Goba, inagonga mbele, mwenyewe yuko dukani tayari na shokapu mkononi. Nimemwambia azirudishe kwenye shelfu, kesho saa mbili nipo kwake na mtaimbo.