Muvi ya Pweza

Mwaka 2006 pale Sahare, Tanga, hakuna aliyekuwa anaiita Pirates of the Caribbean wala Dead Man's Chest, sisi tulikuwa tunaijua kwa jina moja tu, muvi ya pweza. Na kabla sijaiona nilikuwa nishaichoka wallahi. Kwao Marekani ilitoka mwezi wa 7, wikiendi ya kwanza tu ikaingiza zaidi ya dola milioni 135, rekodi ya wakati ule, sisi ikatufikia baadae kwenye zile DVD za Kichina zenye muvi nane diski moja, na ilipofika ikawa hakuna pa kuikimbia. Shule pweza, madrasa pweza, kwa kinyozi picha ya Jack Sparrow, yule haramia steringi wa muvi, iko juu ya kioo, watoto wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani wanapigana na fito za mikoko. Mie hela ya banda la video sina, kwa hiyo nikawa wa kuhadithiwa. Nikahadithiwa lile gurudumu la maji linabingirika huku watu watatu wanapigana mapanga juu yake, nikahadithiwa Jack alivyofungwa kwenye mti kama mshikaki achomwe aliwe, nikahadithiwa mpaka mwisho pale anapomezwa na pweza mkubwa. Na hapo ndo ugomvi, maana kila mtu anajua steringi hafi, sasa huyu imekuwaje?

Siku moja ya bamvua mjomba wangu kapata pweza wengi, kauza vizuri, akaniuliza, "Mjomba, hii muvi ya pweza mnayoipigia kelele inaoneshwa wapi?" Nikashangaa, maana mjomba hakuwa mtu wa mabanda, yeye ni miamba na chuma chake cha kuvulia pweza basi. Akalipa mia mia, tukakaa benchi la mbele, moshi wa jenereta unatuingia puani kwa sababu mwaka ule mgao wa umeme haukuwa wa mchezo.

Mwanzoni nilikaa tu, kila kinachokuja nakijua. Mpaka pale minyiri, ile mikono ya pweza, inapoanza kupanda ubavuni mwa meli, taratibu, watu juu hawana habari. Mjomba akanikamata mkono. "Muone! Anapapasa kwanza! Ndo anavyofanya kweli huyu, hakukamati mpaka akujue." Mwili ukanisisimka jamani, kitu nimehadithiwa mara ishirini lakini hicho cha kupapasa hakuna aliyekiona. Kuanzia hapo nikawa naangalia kwa macho yake. Watu wa nyuma nao wakaanza kumuuliza yeye, na ule mdomo wenye meno ulipofunguka akakataa kabisa, "Hapo wamekosea, pweza ana mdomo kama wa kasuku, meno yote hayo ya nini?"

Lakini kilichonimaliza mie ni kinanda. Davy Jones, yule nahodha mwenye minyiri mahali pa ndevu, amekaa peke yake anapiga kinanda kwa minyiri hiyo hiyo, mara chozi linamtoka. Wiki zote zile za kelele hata mmoja hakunihadithia hilo chozi! Banda zima kimya, mjomba kainama mbele viwiko magotini. Baadae sana nikaja kusoma kwamba uso ule wote ni kompyuta, Bill Nighy aliigiza na nguo za kijivu na vidoti usoni, na ndo muvi iliyochukua Oscar ya visual effects mwaka 2007. Sawa kabisa wapewe, ila yale macho yalikuwa na huzuni ya mtu, na huzuni ile Nighy aliileta mwenyewe.

Tulipotoka ubishi ukaendelea barabarani, kafa hajafa, kafa hajafa, mpaka wakamgeukia mjomba kama hakimu. Akasema, "Yule kaingia na upanga mkononi. Mtu aliyekwisha kukata tamaa hachomoi upanga." Akauliza sehemu ya tatu inatoka lini, hakuna aliyejua.

Kesho yake jioni, hata miguu sijanawa, nikamkuta mlangoni ananisubiri na hela. Tuliiona mara nne kabla ya part three kutoka mwaka 2007, na kila tukifika kwenye kinanda alinigusa goti ninyamaze, hata kama sijasema neno.