Mti Mkubwa wa Mwaka 2022

Utabiri wa mwaka 2022 ulitufikia kama ulivyozoea kutufikia kila mwaka, kwa sauti iliyorekodiwa usiku wa kuamkia Januari mosi na kusambazwa kwenye simu kabla watu hawajamaliza kutakiana heri. Mtabiri mwenyewe sitamtaja, kwa kuwa ninayoyasimulia yanatuhusu sisi wasikilizaji kuliko yanavyomhusu yeye. Alizungumza kwa sauti nzito, bila haraka, na kila baada ya kauli alinyamaza kidogo ili ituingie. Kwa kuwa nina mazoea ya kuandika mambo, asubuhi yake nilikaa na daftari nikainukuu rekodi ile neno kwa neno, nikiirudisha nyuma kila nilipokosa kusikia vizuri.

Baadhi ya kauli zile zilikuwa na uzuri wake, na sioni haya kusema kwamba nilizipenda. "Mti mkubwa utaanguka, na ndege watatafuta kiota kingine." "Chombo kilichobeba wengi hakitafika kilikokwenda." "Ardhi itatikisika, na walio mbali watalia." "Mlango uliofungwa miaka mingi utafunguliwa." "Anayedharauliwa leo atashangiliwa kabla mwaka haujaisha." Karibu na mwisho lilikuwapo onyo moja, ambalo ndilo lililokuja kutuumiza: "Nusu ya pili ya mwaka si wakati wa kuanza jambo zito."

Mama mdogo alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kulia lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu, hata ukizungumza naye aligeuza kichwa ili akuone kwa la kushoto. Daktari alikuwa amempangia upasuaji mwezi wa Agosti. Huu ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani. Lenzi ya jicho iliyopoteza uangavu huondolewa na kuwekwa ya bandia, na mara nyingi mgonjwa hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Agosti ilipofika hakwenda. Alisema angengoja mwaka upinduke, maana jambo zito kuliko kuguswa jicho kwa kisu halijui. Nilimwelewa, kwa sababu hofu ya upasuaji ni hofu ya kweli na hutafuta mahali pa kujishikiza, lakini niliumia sana kumwona akipapasa meza kutafuta kifuniko cha chupa kilichokuwa mbele yake.

Jioni ya tarehe 8 Septemba tulikuwa kwa mjomba, kaka mkubwa wa mama na mama mdogo, habari ilipoingia kwamba Malkia Elizabeth II wa Uingereza amefariki dunia huko Balmoral akiwa na umri wa miaka 96. Mjomba aliweka kikombe mezani, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mti mkubwa ndio huo. Si alisema?"

Kwa kawaida hapo wote tungeitikia. Safari hii dada yangu aliuliza kwa adabu, "Mjomba, mti mkubwa si tulikubaliana kuwa ni Mzee Kibaki?" Ilikuwa kweli. Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alipofariki tarehe 21 Aprili, ni mjomba huyu huyu aliyetupigia simu kutukumbusha rekodi. Binamu yangu akadakia kwamba yeye tangu Julai ameshikilia kuwa ni José Eduardo dos Santos, aliyeitawala Angola kwa miaka 38 na kufia Barcelona, mbali na kwao, na ndiyo maana ndege walitajwa kutafuta kiota kingine. Shemeji akamtaja Shinzo Abe, aliyekuwa waziri mkuu wa Japani, ambaye aliuawa kwa risasi siku ile ile aliyofariki dos Santos, tarehe 8 Julai. Kwake yeye mti unaoanguka ghafla ni mti uliokatwa. Hata Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti, aliyekuwa amezikwa siku chache tu zilizopita, alipata mtetezi wake.

Ninataka ieleweke kwamba hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi ya kweli ya akili: alikuwa amekaa na kauli moja fupi, akaipima na habari aliyoisikia, akatafuta pale zinapogusana, akapata. Hoja ya binamu yangu kuhusu kiota ilikuwa nzuri kuliko chochote kilichokuwamo kwenye rekodi. Hilo ndilo lililonishtua pale sebuleni, kwamba ufundi wote tuliokuwa tukimsifia mtabiri ulikuwa wetu.

Mjomba hakuyumba. "Unabii wa kweli una matawi, mwanangu," aliniambia. "Mmoja unaweza kuwagusa wengi."

Nilimwomba asinione nimekosa adabu, kisha nikamuuliza ni mwaka gani ambao mti mkubwa haukuanguka. Umoja wa Mataifa una nchi wanachama 193, na karibu kila moja ina anayetawala leo na wengine waliowahi kutawala, wengi wao wakiwa wazee; ukiwaongeza wafalme, viongozi wa dini, wanamichezo na waimbaji waliopendwa na mamilioni, hakuna mwaka utakaopita bila msiba unaotikisa dunia. Ardhi nayo ni vivyo hivyo. Tetemeko la Afghanistan la mwezi wa Juni, lililoua zaidi ya watu 1,000, lilikuwa limehesabiwa na sisi kuwa ushahidi, ilhali matetemeko yenye ukubwa wa 7 au zaidi hutokea duniani takriban mara 15 kila mwaka, yawe yametabiriwa au la. Na ndege ya China Eastern iliyoanguka tarehe 21 Machi na kuua watu wote 132 waliokuwamo, tuliipachika kwenye "chombo kilichobeba wengi" bila kujiuliza kama mtabiri alimaanisha ndege, meli, basi au treni. Kama angekuwa anajua, angesema ndege. Angesema China. Wangekuwapo watu wa kuonywa.

Mjomba alijibu kwa mfano wa Jeane Dixon, mtabiri wa Marekani, ambaye mwaka 1956 gazeti la Parade liliandika utabiri wake kwamba mgombea wa chama cha Democratic angeshinda uchaguzi wa urais wa 1960, naye angeuawa au kufia madarakani. John F. Kennedy alishinda, na mwaka 1963 akauawa. Ni mfano mzito na nilikiri hivyo. Hata hivyo nilimweleza sehemu ambayo wasimuliaji huiacha: uchaguzi wenyewe ulipokaribia, Dixon huyo huyo alitabiri kuwa Kennedy hatashinda. Utabiri wa pili ulisahauliwa, wa kwanza ukabaki, na mwanahisabati John Allen Paulos baadaye akaiita hali hiyo ya kukumbuka yaliyolenga na kusahau yaliyokosea kwa jina la Dixon.

Nilijua kwamba tukiendelea kubishana juu ya yaliyopita tungekesha, kwa sababu yaliyopita hayamkatai anayeyatafsiri. Kwa hiyo nilikwenda kuchukua daftari kwenye mkoba wangu, nikachana karatasi, nikampa kila mmoja yake. Nilisoma kauli mbili ambazo wote tulikubaliana hazijatimia, ya mlango na ya anayedharauliwa, kisha nikaomba kila mtu aandike, bila kumwonyesha jirani yake, ni tukio gani lingetokea kabla ya Desemba 31 ili tuseme zimetimia. Niliomba pia waandike ni kitu gani kingewafanya waseme zimekosea.

Swali hilo la mwisho ndilo lililoleta kimya kirefu. Kalamu ziliandika majibu ya kwanza kwa haraka, zikafika hapo zikasimama. Dada yangu aliandika, akafuta. Mjomba alikunja karatasi yake bila kulijibu, akasema halina maana, kwa kuwa jambo likichelewa halijakosea.

Tulipozifungua karatasi, kila mtu alikuwa ameandika maisha yake. Mjomba, anayefuatilia siasa za dunia asubuhi na jioni, aliona mlango kuwa ni mpaka wa nchi mbili zilizokosana. Dada yangu aliona kesi ya mirathi iliyokwama mahakamani kwa miaka. Binamu, ambaye alikuwa hana kazi, aliona ajira, na aliyedharauliwa akaona ni yeye mwenyewe, jambo lililonifanya nisisome karatasi yake kwa sauti. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, akamfanya kila mmoja aamini kuwa yameandikwa kwa ajili yake, kumbe wote walipewa maandishi yale yale, mengi yake yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Walipoombwa kuyapima kwa alama kuanzia 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Nilikuwa nimesoma habari za jaribio hilo zamani, lakini sikuwahi kuhisi uzito wake mpaka nilipoiona karatasi ya binamu yangu. Maneno mapana huacha nafasi, na kila mtu huijaza kwa kile anachokitamani au anachokiogopa zaidi. Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia habari za Croesus, mfalme wa Lydia, aliyeambiwa na kuhani wa hekalu la Delphi kuwa akiwavamia Waajemi ataangamiza dola kubwa. Alivamia, na dola iliyoangamia ikawa yake. Kuhani hakutaja ni dola gani. Aliyeijaza nafasi hiyo ni mfalme.

Mama mdogo hakuweza kuandika, kwa hiyo aliniita karibu akanitajia majibu yake sikioni, nami nikayaandika. Mlango uliofungwa, alisema, ni jicho lake.

Nilimuuliza kama angeniruhusu niseme hivyo mbele ya wote, akakubali. Nikamuuliza, "Mama mdogo, rekodi ni hiyo hiyo moja. Inasema mlango utafunguliwa mwaka huu, na inasema nusu ya pili tusianze jambo zito. Kama mlango ni jicho, na nusu ya pili ndiyo hii, utafunguliwa vipi?"

Alifikiri kwa muda. Mjomba alitaka kumsaidia, akaanza kueleza kwamba jambo zito linaweza kuwa safari, au ndoa, au ujenzi, na kwamba upasuaji mdogo pengine haumo. Mama mdogo akamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia kaka yake. "Kaka, mwezi wa saba nilikuuliza kama jicho ni jambo zito, ukaniambia ndiyo. Leo unaniambia siyo. Basi anayeamua ni wewe, si yule wa kwenye rekodi."

Mjomba hakukasirika. Ni mtu mwema, na naamini maneno yale yalimchoma kwa sababu hakuwahi kujua kwamba dada yake alikuwa ameahirisha upasuaji kwa kauli yake. Alidhani alikuwa akitoa maoni tu. Kesho yake ndiye aliyepiga simu hospitali kuomba tarehe mpya, na mwezi wa Oktoba, katikati kabisa ya nusu ile iliyokatazwa, mama mdogo alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Ulikwenda salama.

Zile karatasi nilizihifadhi ndani ya daftari. Tarehe 10 Desemba, Morocco ilipoifunga Ureno 1–0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, tulikuwa tumekusanyika tena mbele ya televisheni, na kabla shangwe hazijatulia mjomba alisimama akasema kwamba aliyedharauliwa ameshangiliwa. Dada yangu aliafiki, na shemeji pia, na nakiri kwamba kauli ile ililikaa tukio vizuri kuliko zote za mwaka huo. Nilitoa karatasi nikaziweka mezani. Mama mdogo ndiye aliyeziokota, akaichagua ya kaka yake, akaisogeza kwenye mwanga na kuisoma mwenyewe, polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho.

"Umeandika chama cha upinzani kitashinda uchaguzi," alimwambia. "Mpira hukuutaja, kaka. Wala hapa hakuna aliyeutaja."