Ukingoja maua umechelewa

Vitabu vya kutambua magugu navipenda, ila kuna kitu kinanikera: karibu kila ukurasa picha kubwa ni ya ua. Sasa gugu karoti, lile limejaa kando ya barabara huku Kisumu, mvua ikinyesha vizuri linaweza kuchanua kwa wiki nne hivi, na mmea mmoja ukiuachia unamwaga mbegu elfu kumi na zaidi. Utalingoja lichanue ndio ulijue?

Mimi naruka picha naenda kwa yale maandishi madogo ya majani na shina. Gugu karoti likiwa changa linalala chini limejitandaza duara, majani yamekatwakatwa, yana vinyweleo na ukijivu fulani hivi. Hapo ndipo pa kuling'oa, udongo ukiwa bado na unyevu, mzizi wote utoke, maana ukifyeka tu linachipuka tena. Na vaa glavu na shati la mikono mirefu tafadhali, linawasha vibaya, kuna watu ngozi inatoka malengelenge, na ng'ombe akilila hata maziwa yanakuwa machungu.

Lantana nayo usiiangalie, ishike (polepole, ina vimiiba). Shina lina pembe nne, majani yametoka mawilimawili, na ukilifikicha jani harufu inakupiga. Kuna ndugu yake ambaye majani hutoka matatu kwa pingili moja, haina miiba na matunda yake ya zambarau watoto wanakula. Hiyo mimi naiacha, lakini kuna watu wakishika panga wanamaliza kila kitu halafu wanajisifu wamesafisha shamba.

Hayasinti, lile gugu la majini, ndiyo hunichekesha. Kitabuni utaona shina la jani limevimba kama puto, halafu unafika Dunga, huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, mahali imesongamana unakuta mashina marefu, membamba, hayajavimba popote, unaanza kusema hii ni kitu ingine. Ni hiyohiyo, ikibanana hurefuka, yale mavimbe yatafute pembeni kwenye nafasi. Kung'oa hiyo ni kazi ya kurudia kila mara, mbegu zake zinaweza kukaa kwa matope hata miaka 20.

Kwa hivyo kitabu changu nimekichafua kabisa. Nikipata mmea bado mchanga naupiga picha na simu, naprinti pale town, nabandika juu ya ua lao, na pembeni naandika jina lenye majirani wanatumia, kwa sababu nikienda kuomba mtu ang'oe kitu kwa boma lake siwezi kumtajia Kilatini.